Daktari Nyuma ya Kaunta Yangu

Mimi mdomo wangu hauna breki, na mtu yeyote wa Mtaa wa Mchikichi atakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Wateja wangu wamezoea. Mtu akinunua dawa nusu dozi namsema, akija na kidonge cha jirani mfukoni anataka "kama hiki hiki" namsema, na kesho anarudi kwangu, haendi kwingine. Sasa sikia ajabu. Katika miaka ishirini na mbili ya kaunta, siku moja tu nilinyamaza. Hiyo moja ndiyo nataka kuisema hapa.

Naitwa Sitara. Ni fundi dawa, nina stashahada yangu ukutani, na famasi si yangu, ni ya bosi, ingawa bosi mwenyewe akija hunitafuta mimi nimwonyeshe kitu kiko wapi.

Yote yalianza na Profesa Severa. Huyu ni mama wa Kirombo, anakaa Upanga, anafundisha chuoni wale madaktari waliorudi shule kuchukua shahada ya pili, na anachofundisha ni elimu ya dawa: inavyoingia mwilini, inavyofanya kazi, inavyotoka. Vidonge vyake vya presha alikuwa ananunua kwangu. Siku moja nikamtazama, nikatazama daftari langu, nikashindwa kujizuia.

"Profesa, samahani. Hivi vidonge vyako vinazaana? Vya mwezi mmoja vimekuchukua miezi miwili na nusu."

Akasema anakunywa kila siku. Nikamwambia hanywi. Mbele ya watu, ndiyo, na mkoba wake wa ngozi begani. Profesa wa watu akaanza kucheka, kisha akavuta kile kigoda changu akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku za kufundisha haviguswi, maana vinamkimbiza chooni kila nusu saa, na wanafunzi wako mia moja wanamtazama.

"Basi vinywe ukishatoka chuoni, saa tisa," nikamwambia. "Mpigie daktari wako umuulize kama anakubali. Lakini usinidanganye mimi."

Mwezi mmoja baadaye alirudi na barua yenye muhuri.

"Bi Sitara," akasema, "zamani tulikuwa tunamfundisha daktari kwa kipande cha utumbo wa sungura. Tunakining'iniza kwenye maji, tunadondoshea dawa, tunaangalia kinavyojikunja. Sasa tuna kompyuta. Mwanafunzi ana mgonjwa wa kwenye skrini, anampa dawa, akimfia anabonyeza kitufe, mgonjwa anafufuka. Nzuri sana, nimeipigania mwenyewe. Lakini yule sungura na yule wa kwenye skrini, wote wawili hawajawahi kumdanganya daktari."

Mtaala ulikuwa umebadilishwa. Kila mwanafunzi wa shahada ya pili angekaa wiki mbili nyuma ya kaunta ya famasi, aone dawa inavyoondoka na mtu. Mimi ningekuwa mwalimu wa kituo. Ningejaza fomu, ningetoa alama kwa mia, na chini ya hamsini ni kufeli.

Nilijifanya nafikiria. Uongo! Moyo ulikuwa unaruka. Mimi nilitaka udaktari tangu mdogo, fizikia ya kidato cha nne ikanikatalia, na leo chuo kinaniita mwalimu wa madaktari. Siku hiyo hiyo nikaenda kushonesha koti jeupe jipya.

Wa kwanza kuletwa akawa Wilbert. Miaka thelathini na mbili, mrefu, viatu vinang'aa, kishikwambi kwapani. Kabla hajaingia, Profesa alinivuta pembeni. "Huyu kichwa kizuri, ila muhula uliopita aliangusha somo moja. Akifeli na hapa, anadisko, chuo kinamwondoa. Hospitali ya wilaya iliyomleta masomoni itampokea mikono mitupu, na mkewe ana mimba ya miezi saba. Sikwambii umpendelee. Nakwambia ujue tu."

Nikajua. Kisha Wilbert akaingia, akaniangalia mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, akasema, "Mambo, dada?"

Shikamoo haikumtoka. Nikameza. Nikamwonyesha rafu, friji, kabati la dawa zenye masharti. Alipomaliza kuzunguka akauliza, wala si kwa ubaya, "Kwa hiyo dada, hapa kazi si kuuza tu?" Hiyo nayo nikaimeza. Ya tatu ilikuja siku ya Alhamisi. Nilikuwa namwambia mama mmoja kwamba amoksilini ya mtoto asimpe na maziwa. Wilbert akainua kichwa kwenye kishikwambi.

"Hapana mama, hiyo haina shida na maziwa. Ni dawa nyingine zile. Mpe tu."

Mbele ya watu! Usiku nikaingia mtandaoni kusoma, na alikuwa na haki. Miaka ishirini na mbili nimewanyima watoto wa Kariakoo maziwa bure. Ukitaka kumchukia mtu kwelikweli, subiri akukosoe kwa haki.

Jumatatu ya wiki ya pili Ramadhani ikaanza. Nami nilikuwa nimefunga, koo kavu, na tumbo tupu halina adabu. Jumanne, saa nne asubuhi, famasi imejaa, akaingia Mzee Abdulswamad.

Huyu ni mzee mwenye duka la vipuri mtaa wa Gerezani, sabini kasoro mbili, ana sukari mwaka wa tisa na dawa zake zote anachukua kwangu. Tangu awe kijana hajaacha kufunga hata Ramadhani moja. Mwaka jana tulikaa naye pembeni, tukampigia daktari wake wa kliniki, tukapangiwa: nusu kidonge wakati wa daku, kizima wakati wa kufuturu, apime sukari mchana, ikishuka afungue hapo hapo bila ubishi. Akamaliza mwezi salama. Lakini mwaka huu kliniki walikuwa wamembadilishia, vidonge vipya vyenye nguvu zaidi, na mpango wa mwaka jana haukumfaa tena. Nilikiona hicho kwenye karatasi yake tangu alipoiweka juu ya kaunta.

Wilbert ndiye aliyeipokea. Na alieleza, nisiseme uongo, alieleza vizuri kuliko mimi. Jinsi dawa inavyolisukuma kongosho, jinsi mwili usipopata chakula sukari inavyodidimia, jinsi mtu anavyoweza kuzimia. Kisha akamaliza kwa sauti ya kuhubiri.

"Kwa hiyo mzee, mwezi huu usifunge. Na dini yako yenyewe inamruhusu mgonjwa."

Watu saba walikuwa wanasikiliza. Mzee akatazama chini, akakunja karatasi yake mara mbili.

"Sawa, daktari. Nimekuelewa kabisa. Mungu akubariki."

Wilbert akaweka alama kwenye kishikwambi, akanigeukia na tabasamu. "Umeona, dada? Watu wakielezwa kitaalamu wanaelewa."

Mimi nilijua. Hiyo sawa ya mzee naijua kama navyojua mkono wangu. Mzee wa pwani hambishii daktari hadharani, hamwambii "hapana, nitafunga." Anasema sawa, anaomba Mungu akubariki, anakwenda kufanya lake. Angeamka usiku ule, angekula daku yake, angemeza kidonge kipya kizima kama alivyoandikiwa kila asubuhi, na angefunga. Kilichohitajika ni mimi kutoka nyuma ya kaunta, nimfuate mpaka mlangoni, niseme, "Mzee, hebu tuongee kidogo." Hatua sita.

Aliniangalia. Nikajifanya napanga maboksi ya panadol.

Nilijiambia: acha huyu mwenye kujua ajionee. Nilijiambia kesho nitampigia mzee simu. Kesho yake mzigo ukaingia, kazi ikawa nyingi, na nisijitetee kwa mzigo: nilikumbuka mara mbili. Mara zote mbili nilimtazama Wilbert na viatu vyake nikasema, si amesema watu wanaelewa?

Ijumaa asubuhi akaja Waridi, binti wa mzee. Mkononi ameshika pakiti ya vidonge, macho mekundu.

Jana yake, saa tisa alasiri, baba yake alikuwa amekaa dukani Gerezani akaanza kutoka jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wa duka wakasema swaumu imemshika mzee. Wakamlaza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wakampepea, wakamwagia maji kichwani, na kwa heshima ya swaumu yake hakuna aliyethubutu kumtia kitu mdomoni. Karibu saa nzima. Waridi ndiye aliyepita, akaona baba hamjui, akambeba kwenye bajaji mpaka hospitali. Walipompima, sukari ilikuwa haipo. Walimwamsha. Yuko hai, anaongea, ila mkono wa kushoto bado mzito na madaktari wanaangalia.

"Nani alimhudumia baba?" akauliza Waridi.

Nilifungua mdomo. Wilbert akaniwahi.

"Mimi. Naitwa Wilbert. Mimi ndiye niliyemweleza."

"Ulimweleza nini?"

"Nilimwambia asifunge."

Waridi alicheka kicheko kibaya. "Baba yangu asifunge? Kaka, wewe unamjua baba yangu?" Akaiweka pakiti juu ya kaunta akatoka.

Wilbert alikwenda nyuma, akakaa juu ya boksi la dripu. Nilipomfuata alikuwa ameinama, kishikwambi kiko sakafuni. "Nilimwambia vizuri kabisa, dada. Hata wewe ulisikia. Nilikosea wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia, "Si ulisema kazi ya hapa ni kuuza tu?"

Aliniangalia, akaokota kishikwambi chake. Baadaye akasema, "Fomu yangu andika unavyoona. Sitakulaumu."

Nikaandika. Mbele ya "mawasiliano na mgonjwa" nikaweka tano kati ya ishirini, kwingine nikapunguza huku na kule, nikajumlisha: arobaini na moja. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba, na nitakwambia ukweli, kwa muda wa dakika kumi moyo wangu ulipoa. Nilijiona mwalimu mwenye msimamo. Kisha nikaanza kuhesabu zile hatua sita.

Saa kumi jioni ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Wilbert akaniomba twende wote. "Nataka nimwombe radhi, ila nikienda peke yangu yule binti atanifukuza." Tukatembea, maana magari yalikuwa yamesimama kabisa. Tukakata Mnazi Mmoja katikati ya watu waliobeba mifuko ya futari, tukashika njia ya Upanga. Hakuongea mpaka tulipokaribia.

"Mama yangu kule Rombo naye ana sukari," akasema. "Miaka minne namtumia dawa. Sijawahi kumuuliza anazinywaje. Namuuliza tu kama zimefika."

Nilikuwa naogopa kitanda cha mzee kuliko yeye.

Mzee Abdulswamad alikuwa ameegemezwa mito miwili, uso umesinyaa, lakini alipotuona akatabasamu. Waridi alitaka kuinuka, baba akamzuia kwa mkono ule mzima.

"Shikamoo, mzee," akasema Wilbert.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Samahani sina cha kuwakaribisha, na wenyewe mwezi mtukufu."

Wilbert hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Lakini nataka kujifunza. Siku ile uliniambia sawa. Kwa nini hukuniambia kwamba utafunga?"

"Ningekwambiaje?" Mzee alishangaa kwelikweli. "Umesimama, umenieleza kwa upendo, watu wamejaa wanakusikiliza. Mimi nikubishie? Nikuvunjie heshima yako mbele za watu? Hapana, mwanangu. Sikulelewa hivyo."

"Sasa ulitaka nifanye nini?"

"Wewe? Wewe hukuwa na kosa, wewe mgeni." Akanigeukia mimi, taratibu, bila hasira hata chembe, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Mimi nilijua Sitara ataniita. Nilipotoka pale nilisimama kwa muuza tende wa nje. Nikauliza bei, nikazigeuzageuza, nikauliza tena. Nikamwambia anipimie, nikamwambia aache. Nikangoja. Nikasema leo ana wateja wengi, atatoka tu. Mpaka yule kijana wa tende akaanza kunikasirikia."

Wilbert akanitazama. Waridi akanitazama. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Ulijua, dada?" Wilbert akauliza.

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu alipokunja karatasi. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka ukosee." Nikamgeukia mzee, maneno hayatoki sawasawa, mimi ambaye mdomo haujawahi kunikwama. "Nisamehe, mzee wangu. Nilikuona. Nilikuona unaniangalia, nikapanga maboksi."

Nilidhani ataniambia yamepita, maana hivyo ndivyo wazee wake husema. Hakusema. Alisema, "Sikudhani, Sitara," akafumba macho. Nilianza kulia pale pale.

Wilbert alinipa mgongo, na sikumlaumu. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa kichwani pa mzee, akainama mpaka sauti yake ikawa ya watu wawili. "Mzee, ukitoka hapa utafunga tena. Usiniambie sawa. Niambie kweli, hakuna anayetusikia."

Mzee akafumbua jicho moja. "Madaktari wakinikataza kabisa, itaniuma, lakini nitalisha maskini badala ya kufunga. Wakiacha mlango wazi hata kidogo, nitafunga."

"Basi twende tukawaulize pamoja. Daku unakula saa ngapi? Unakula nini?"

Na mzee akaanza kumweleza, muhogo wa nazi na chai, na jinsi asivyoweza kumeza dawa mbele ya wajukuu. Wilbert hakuandika kitu. Alisikiliza kwa robo saa nzima mpaka nesi akaja kututoa.

Jumamosi asubuhi Profesa Severa alikuja kuchukua fomu. Nilikuwa nimeikata ile arobaini na moja kwa kalamu, nikaandika hamsini na sita. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika hivi: Mwanafunzi alimweleza mgonjwa yaliyo kitabuni. Hakujua kuwa mgonjwa hatafuata, kwa kuwa hajafundishwa kuuliza. Mimi nilijua kuwa hatafuata, nikanyamaza kwa sababu ya hasira zangu. Mgonjwa aliumia. Jana mwanafunzi aliuliza.

Profesa alisoma amesimama, akavua miwani, akasoma tena.

"Bi Sitara, hii inakwenda kwenye kamati. Wakiisoma, hawataleta mwanafunzi mwingine kwako. Na bosi wako huenda akapata barua."

"Najua."

"Unaweza kuandika alama tu, ukaacha maelezo."

"Najua, Profesa. Yaache hapo."

Alipumua. Kisha akageuza ukurasa. "Mbona hujatia sahihi? Bila sahihi haihesabiki, itakuwa kama hakufanya kituo kabisa."

Niliiona ile nafasi usiku kucha. Palikuwa na mstari, na chini ya mstari maneno matatu, sahihi ya mwalimu. Nikamuuliza kama naweza kutia sahihi pembeni, au juu, popote pengine.

"Hapo hapo," akasema Profesa.

Wilbert alikuwa amesimama kwenye kaunta na mteja, mgongo umekakamaa, hajageuka, lakini nilijua anasikia kila neno. Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu juu ya neno lile, mwalimu, nikamwona Mzee Abdulswamad amesimama kwa muuza tende anaulizia bei asiyoitaka, kisha nikamsukumia Profesa karatasi yake.